Karafuu, Biashara Huria na Watoto Wetu wa Skuli

Kwa wanachama wote. Msimu ukiwa mzuri, madarasa ya juu hupungua watoto. Msimu ukiwa mbaya, hupungua vilevile. Jambo hili lafaa tulitazame wenyewe wenye mashamba, kwani walimu wamekwisha kusema mpaka wamechoka.

Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1984 na 1985, Zanzibar ilipofungua milango ya biashara. Nguo, redio na mchele vikajaa madukani. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya themanini bei ya karafuu ikaanguka duniani, kwani Indonesia, aliyekuwa mnunuzi wetu mkubwa, alikuwa amepanda mikarafuu yake mwenyewe akajitosheleza. Basi kijana wa Pemba akaona mambo mawili kwa pamoja: baba mwenye shamba hana kitu, na jirani aliyeacha skuli akaenda kuuza nguo Darajani anarudi sikukuu na saa mkononi. Nani angemlaumu?

Wapo wasemao biashara huria ndiyo iliyowaharibu vijana. Mimi sikubali. Uhuru wenyewe ulitufikia nusu. Tunachonunua, tangu mchele hata madaftari, twanunua kwa bei ya soko. Karafuu twamuuzia mnunuzi mmoja tu wa halali, yaani ZSTC, kwa bei tunayotangaziwa. Tena mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mzazi atapanga vipi nauli, sare na vitabu vya miaka minne?

Lakini si yote ya kuisukumia serikali. Mavuno huangukia miezi ya mitihani, na kijana wa Kidato cha Nne ndiye anayepandishwa mtini, kwa kuwa ni mwepesi na hadai malipo ya pishi. Mchumaji wa kulipwa ni ghali, najua. Hata hivyo pishi za wiki tatu hulika zikaisha, na mtihani uliopita haumngoji mtu. (Akianguka mtini je?)

Nashauri mkutano ujao uamue kwamba watoto wa madarasa ya mtihani wachume Jumamosi na Jumapili tu, na kwamba kila mwanachama aweke fedha ya gunia lake la kwanza kwa ajili ya skuli, kabla ya mabati na kabla ya harusi. Harusi za msimu twazijua! Anayeona shauri hili ni gumu na aje mkutanoni na hesabu yake ya pishi mkononi.

Katibu