Ekzosi ikibadilishwa, je, mafuta nayo yapimwe upya?

Katika stegi za bodaboda na gereji za jua kali kote nchini kuna ubishi ambao haujapata mwamuzi. Kijana akinunua ekzosi ya dukani na kuitia mahali pa ile iliyokuja na pikipiki kutoka kiwandani, hutokea makundi mawili ya washauri. La kwanza humwambia kwamba ni lazima kabureta ifunguliwe na mafuta yaongezwe, la sivyo injini itaungua. La pili humcheka na kumwambia kwamba bomba la moshi ni bomba tu. Moshi ukishatoka umetoka, na mafuta hayana habari nao. Kila kundi lina mifano na mashahidi wake. Anayelipa gharama ya ubishi huu ni yule kijana, ambaye aghalabu amemaliza shule juzi tu na pikipiki yenyewe angali anailipia mkopo.

Mimi ni mwanaisimu, si fundi wa mitambo, na yamkini msomaji atajiuliza ni lipi linalonipeleka gereji. Linalonipeleka huko ni sentensi. Naamini kwamba makundi haya mawili hayapatani kwa sababu yote yanatumia sentensi ya aina moja, isiyolifaa jambo lenyewe. Jibu lipo, linajulikana, na laweza kuelezwa darasani kwa Kiswahili sanifu.

"Ekzosi mpya huhitaji mafuta zaidi," asema mmoja. "Ekzosi haibadilishi mafuta," ajibu mwenzake. Walimu wa sarufi wanajua kwamba kiambishi hu- hueleza mazoea, yaani jambo litokealo siku zote bila sharti, kama tusemapo kwamba jua huchomoza mashariki. Jibu la yule wa pili ni ukanushi wa kauli hiyo hiyo. Kumbe mambo ya injini si ya hu-. Ni ya -ki- na -sipo-. Ni mambo ya masharti. Anayetaka kujua kama mafuta yapimwe upya hana budi kuuliza kwanza: ni sehemu gani ya bomba iliyobadilishwa, ni kitu gani kinachopima mafuta, na pikipiki inafanya kazi wapi?

Tuanze na injini yenyewe. Pikipiki nyingi za bodaboda, kama vile Boxer za Bajaj na HLX za TVS, zina silinda moja inayopozwa kwa upepo, na ukubwa wa injini ni baina ya sentimita za ujazo 100 na 150. Injini hizi hufanya kazi kwa mapigo manne: kuvuta hewa na mafuta, kugandamiza, kuwaka, na kutoa moshi. Ili petroli yote iungue na hewa yote itumike, kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote, hupendelea mafuta yazidi kidogo, yaani kilo 12 au 13 za hewa kwa kilo 1 ya petroli.

Hapa tunaweza kuazima msamiati wa jikoni, kwani kila mwanafunzi anajua tofauti ya uji mwepesi na uji mzito. Mchanganyiko wenye hewa nyingi na mafuta haba tuuite mwepesi; wenye mafuta mengi na hewa haba tuuite mzito. Ukiwa mzito kupita kiasi, plagi hushika masizi, petroli huliwa bure, na mafuta yasiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda. Ukiwa mwepesi kupita kiasi, injini husitasita na kupata joto jingi. Hali hiyo ikiendelea kwa muda mrefu chini ya mzigo, vali ya kutolea moshi na kichwa cha pistoni huweza kuungua. Kwa hivyo kundi la kwanza haliogopi kivuli. Hatari wanayoitaja ni ya kweli.

Wanaosema kwamba bomba ni bomba tu wamelisahau somo la mawimbi. Vali ya moshi inapofunguka, gesi yenye shinikizo kubwa hutoka kwa kishindo na kusafiri ndani ya bomba kama wimbi. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia, sehemu yake hurudi nyuma likiwa na shinikizo dogo. Likiwahi kufika kwenye silinda wakati vali ya moshi haijafungika na ile ya kuvutia hewa imeanza kufunguka, hunyonya mabaki ya moshi na kuikaribisha hewa mpya. Likichelewa au likitangulia, msaada huo hupotea. Urefu na upana wa bomba ndio huamua ni katika kasi ipi ya injini wimbi litawahi.

Matokeo yake ni kwamba bomba jipya laweza kuongeza hewa iingiayo katika mwendo fulani na kuipunguza katika mwendo mwingine. Bomba pana mno huweza kuipa injini nguvu kidogo kwenye kasi ya juu na kuipokonya nguvu kwenye kasi ya chini. Mwenye bodaboda anayepanda mlima polepole akiwa na abiria na gunia la viazi hana haja na nguvu za kasi ya juu. Huenda basi akawa amelipa pesa ili apunguziwe kile alichokihitaji zaidi.

Sasa tuyatazame masharti. La kwanza ni sehemu iliyobadilishwa. Kama ni ile sehemu ya nyuma tu ya kuzuia mlio, na mahali pake pamewekwa nyingine isiyotofautiana nayo sana, huku bomba la mbele na chujio la hewa vikiachwa vilivyo, mabadiliko ya hewa aghalabu ni madogo na mafuta hayahitaji kuguswa. Kama bomba zima limebadilishwa, au matumbo ya ndani ya kuzuia mlio yamekatwa, na juu ya hayo chujio la hewa limeondolewa au kufunguliwa, injini hiyo si ile iliyopimwa kiwandani, na mafuta yake hayana budi kupimwa upya.

Sharti la pili ni kipimo chenyewe. Katika kabureta, hewa hupita kwenye koo jembamba, kasi yake huongezeka, shinikizo lake hushuka, na petroli huvutwa kupitia kijitundu kiitwacho jeti. Hewa ikiongezeka, petroli nayo huvutwa zaidi. Ndiyo maana wako waendeshaji waliobadilisha ekzosi wasione madhara yoyote. Hata hivyo, kabureta hufuata mabadiliko kwa kiasi tu, kwani jeti ina tundu la ukubwa mmoja. Isitoshe, viwanda vingi, kwa kutii sheria za moshi, huiweka pikipiki mpya upande wa mchanganyiko mwepesi tangu mwanzo, na nafasi ya kuupunguza mafuta zaidi bila madhara huwa ni ndogo.

Pikipiki zinazopuliziwa petroli kwa amri ya kompyuta zina habari nyingine. Aina hii imeenea zaidi tangu India, zinakotoka pikipiki zetu nyingi, ilipoanza kutekeleza kanuni kali za moshi mnamo Aprili 1, 2020. Kompyuta huwa na jedwali linaloiambia ipulize petroli kiasi gani kwa kila hali ya mwendo. Pikipiki nyingi za namna hii zina kihisi cha oksijeni ndani ya ekzosi, ambacho huinong'oneza kompyuta kama mchanganyiko ni mzito au mwepesi, nayo hurekebisha. Kwa sababu hiyo husemwa kwamba "kompyuta hujifunza yenyewe". Hiyo nayo ni hu- iliyovuka mpaka. Marekebisho hayo yana kikomo, na kwa kawaida hufanyika katika mwendo wa wastani. Mwendeshaji akifungua petroli yote, kompyuta hurudi kwenye jedwali lake na kuacha kumsikiliza kihisi. Na kama fundi ameweka bomba lisilo na mahali pa kihisi, kompyuta hiyo imetiwa pamba masikioni.

Sharti la tatu, ambalo nchini kwetu lina uzito wa pekee, ni mwinuko wa mahali. Mombasa iko usawa wa bahari, Nairobi iko takriban mita 1,700 juu yake, na Eldoret takriban mita 2,100. Hewa ya Eldoret ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja kwa tano. Kabureta isiyojua habari hiyo hutoa mchanganyiko mzito zaidi Eldoret kuliko Mombasa. Kwa hivyo bomba lile lile, kwenye pikipiki ya aina ile ile na yenye jeti ile ile, laweza lisilete shida yoyote Eldoret lakini likaunguza vali Mombasa. Mafundi wa miji hiyo miwili wakikutana watabishana mpaka jioni, na kila mmoja atakuwa amesema kweli aliyoiona kwa macho yake.

Kuna jambo jingine linalopotosha wengi, nalo ni ile milipuko midogo isikikayo mwendeshaji anapoachilia petroli akiteremka mlima. Mara nyingi husemwa hapo hapo kwamba mafuta ni haba, na jeti hutiwa waya ili tundu lipanuliwe. Pengine ni kweli kwamba mchanganyiko ni mwepesi. Lakini milipuko hiyo huletwa pia na hewa inayoingia kwenye kiungo cha bomba kilicholegea au gasketi iliyokwisha, ikakutana na petroli isiyoungua ndani ya bomba la moto. Gasketi ni ya bei nafuu. Jeti iliyokwanguliwa kwa waya haina kipimo tena, wala hakuna awezaye kusema imeongeza mafuta kiasi gani. Fundi mwangalifu hukaza kiungo kwanza, kisha huitazama plagi. Ikiwa nyeupe, huenda mchanganyiko ni mwepesi. Ikiwa nyeusi ya masizi, ni mzito. Rangi ya hudhurungi huashiria kwamba mambo ni sawa. Baada ya hapo, ikibidi, hununua jeti yenye namba inayofuata, wala haruki namba tatu kwa pamoja.

Hapa nadhani Kiswahili kinaweza kutusaidia kufikiri. Vijana wengi husema "kutyuni", na wengine husema "kutengeneza kabureta". Kutengeneza humfanya mtu adhani kwamba kuna kitu kilichoharibika. Mimi nalipendelea neno kulinganisha. Mzizi wake ni linga. Ukiongezwa -an- ya kutendana twapata lingana. Ukiongezwa -ish- ya kusababisha twapata linganisha. Ndani ya neno hilo mna vitu viwili vinavyofanywa vipatane. Hewa na petroli ndivyo vitu hivyo. Anayelifahamu neno hili hataongeza petroli kabla ya kuuliza hewa imeongezeka kiasi gani.

Nisipoitaja kelele nitakuwa nimekwepa nusu ya ukweli. Vijana wengi hawabadilishi ekzosi kwa ajili ya nguvu. Wanaibadilisha kwa ajili ya mlio. Husadiki kwamba pikipiki inayonguruma ina nguvu zaidi. Wahenga walikwisha kutuonya kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Mlio mkubwa ni ishara kwamba kizuizi cha sauti kimeondolewa, wala si ushahidi kwamba injini imepata hewa zaidi. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo zilitolewa nchini mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira, na mwalimu yeyote ambaye amewahi kunyamaza katikati ya somo akingoja pikipiki ipite hahitaji kuelezwa umuhimu wake. Kulinganisha mafuta huiponya injini. Masikio ya wanafunzi hayaponi. Ushauri wangu kwa anayetaka mlio tu ni kwamba abaki na ekzosi ya kiwandani.

Kwa walimu nina ombi. Mtaala wa 8-4-4 uliweka somo la mtiririko wa maji na gesi katika kidato cha pili, na kabureta ilikuwa miongoni mwa mifano ya kanuni ya Bernoulli. Maelfu ya vijana walikariri mfano huo, wakapasi mtihani, kisha wakanunua pikipiki na kumwachia mtu mwingine atie waya kwenye jeti. Hawakuwa wajinga. Walifundishwa kabureta kwa lugha moja na kuikuta barabarani katika lugha nyingine, na hakuna aliyewaonyesha kwamba ni kifaa kile kile. Mwalimu wa fizikia na mwalimu wa Kiswahili wakikaa pamoja kwa kipindi kimoja tu, wanaweza kuliziba pengo hilo. Mmoja alete kabureta kuukuu kutoka gereji. Mwingine awaagize wanafunzi waeleze kwa sentensi za masharti ni lini mafuta yapimwe upya na ni lini yasiguswe.

Nanyi wanafunzi, mkisikia mtu akiwaambia kwamba ekzosi mpya huhitaji mafuta, au kwamba haihitaji, msimbishie. Mwulizeni: ikiwa imebadilishwa wapi, ikipimwa na nini, na ikitumiwa wapi? Asipoweza kujibu, pikipiki yenu isifunguliwe kwanza.