Jahazi Likiuzwa, Habari Zake Ziende Nalo

Kilosa haina bahari, lakini ina neno la kusema juu ya vyombo vya baharini. Jahazi halielei bila mbao ngumu, kamba na pamba ya kukalafatia. Na wilaya hii ni ya misitu ya miombo, ya mkonge wa Kimamba na Rudewa, na ya pamba iliyofanyiwa utafiti Ilonga kwa miongo mingi. Kwa hiyo tunathubutu, tukiwa huku bara, kuzungumzia jambo linalowahusu zaidi ndugu zetu wa Unguja, Pemba na Mafia, pamoja na maofisa wanaokagua vyombo vyao.

Jahazi likitunzwa huishi kuliko aliyeliunda. Mwenyewe wa kwanza husimama pwani mkuku unapolazwa. Hujua taruma lipi ni la mvule na lipi la mwembe, na hukumbuka ni mwamba gani uliowahi kulikwaruza. Uzee ukimfika, au ada za shule zikimbana, humwuzia mfanyabiashara wa boriti na chokaa. Huyo naye humwuzia wa tatu, ambaye hutia mashine. Mwisho chombo hubeba mchanga na mawe. Katika kila mauzo hukabidhiwa nanga, tanga, foromali na hati. Habari za ubavu wake hubaki kwa muuzaji.

Zamani hasara hiyo ilikuwa ndogo, kwa kuwa mwuzaji, mnunuzi na fundi aghalabu walikuwa watu wa mji mmoja, na aibu ya kudanganya ilimfuata mtu hadi msikitini. Leo jahazi la Pemba laweza kuuzwa Pangani, kisha Kilwa. Mnunuzi hugonga mbao kwa nyundo na kusikiliza. Lakini deheni na rangi mpya huficha mengi, na ubao mpya uliopigiliwa juu ya taruma bovu hulia vizuri tu chombo kikiwa mchangani. Mabaharia ndio wanaoujua ukweli, kwa kufua maji ngamani usiku kucha.

Na mashine imeongeza shida. Chombo kilichoundwa kwa ajili ya tanga hakikutarajia mtikisiko wa kila siku upande wa tezi. Misumari hulegea na kalafati hutoka. Mwenyewe wa nne hana wa kumwambia kwamba fashini imekwisha kutengenezwa mara mbili.

Serikali zetu hazikulala. Zanzibar ina Mamlaka ya Usafiri Baharini tangu mwaka 2009, na Bara ina Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Hata hivyo cheti cha ukaguzi husema hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Tunapendekeza kila jahazi liwe na daftari lake, litakaloandikwa kila ubao unapobadilishwa na kila mashine inapotiwa au kuondolewa. Lisiuzike bila daftari hilo, na mamlaka zote mbili zilitambue. Tutaambiwa kwamba mafundi wengi hawana mazoea ya kuandika. Basi sheha, au mtendaji wa kijiji upande wa Bara, na aandike fundi akisema. Wala isitozwe ada, maana ada ndiyo itakayowafanya watu walifiche.

Hatudai kwamba karatasi huokoa watu. MV Skagit haikuwa ya mbao. Iliundwa Marekani mwaka 1989 kwa ajili ya maji yaliyotulia ya huko Seattle, ikauzwa mwaka 2011 na kuletwa kwetu, na tarehe 18 Julai 2012 ikapinduka karibu na Chumbe ikiwa na abiria. Maisha yake yote yalikuwa yamekwisha kuandikwa. Daftari la jahazi litakuwa na faida iwapo tu ofisa atalifungua kabla ya kugonga muhuri, na akiona chombo kimechoka akizuie, hata kama mwenyewe ni mtu mkubwa.

Wakati wa kuanzia ni masika, vyombo vingi vinapovutwa pwani kukalafatiwa na kupakwa deheni. Fundi yupo, mwenyewe yupo, na ubavu uko wazi kwa kila anayetaka kuutazama.