Uraia Hauko Katika Ngozi

Julai 2025 Serikali ilipiga marufuku wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na wachuuzi wengi wa Kariakoo walifurahi. Kumlinda mnyonge ni haki. Lakini anayeitumia amri hiyo kumwita "mgeni" Mtanzania mwenye asili ya Kihindi aliyezaliwa Kisutu anaipotosha sheria.

Mwaka 1961 Mwalimu Nyerere alikataa katakata Bungeni uraia wa rangi. Amir Jamal, mzaliwa wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, alikuwa Waziri wetu wa Fedha kwa miaka mingi. Wakoloni ndio walioligawa jiji hili: Uzunguni, Uhindini, na Kariakoo ya Waafrika. Je, tulimwondoa mkoloni ili tuitunze ramani yake? Mfanyabiashara na aulizwe leseni, asiulizwe ngozi.