Alizeti Ibaki Jikoni

Nikisema tu kwetu ni Ulemo, Iramba, wana wa uhandisi huniuliza: "Singida yote ile alizeti, dizeli mnanunua ya nini?" Si swali la kijinga. Mwaka 1900, kwenye maonyesho ya Paris, injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga.

Lakini jamani, tusidanganyane. Mafuta ya alizeti ni mazito kuliko dizeli. Ukiyamimina hivyo hivyo kwenye tangi, nozeli hazinyunyizi vizuri na masizi yanaganda. Kuyageuza biodizeli kunahitaji methanoli, ambayo ni sumu na hulipuka moto upesi. Si kazi ya kufanyia uani. Halafu nchi bado inaagiza mafuta ya kula kutoka nje, sisi tuyachome kwenye trekta?

Wengine hukimbilia kuchanganya mafuta ya taa. Hayo hayalainishi pampu vya kutosha, inalika. Uchakachuaji huohuo ndio uliofanya serikali ipandishe kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011.

Nafuu ya kweli haina mbwembwe: badili filta kwa wakati, toa maji yanayotuama chini ya chujio, dizeli ya dumu iache itulie kabla ya kumimina. Mvua zetu ni msimu mmoja. Trekta likizima Desemba, mkulima amepoteza mwaka.

Kwa hiyo, wana uhandisi, likizo hii nendeni vijijini na spana. Nadharia za alizeti zitasubiri.