Mizani kwanza, mashine baadaye

Mama anayenunua karoti na kabichi katika soko la Mahoko na kuzivusha Petite Barrière hadi Goma anajua maana ya mpaka kufungwa. Machi 2020, corona ilipofunga mipaka, mboga hazikuwa na pa kwenda, na kabichi haina subira. Tiba inayotajwa haraka ni moja: Rubavu ipate kiwanda cha kusindika mboga.

Lakini kiwanda si mgeni Rubavu. Bralirwa inatengeneza bia Gisenyi tangu miaka ya 1950, na bado mchuuzi wa Mahoko anavusha mazao mabichi. Kuta na mitambo pekee havizai viwanda vingine.

Hata Uingereza mashine haikutangulia. James Watt alipata hataza ya injini yake mwaka 1769, lakini injini za mvuke zilikuwa zikivuta maji migodini tangu 1712. Alichokosa ni fedha. Matthew Boulton, ambaye hakuwa ndugu yake, aliingia naye ubia mwaka 1775 kwa sababu sheria ilikwisha kukubali kwamba wazo la mtu ni mali, na mkataba ulikuwa na nguvu mahakamani. Watu walikuwa wamejifunza kuamini karatasi.

Rwanda nayo imepiga hatua ya namna hiyo, ingawa haisifiwi kama hatua ya viwanda. Kwa mila, ardhi ilirithiwa na watoto wa kiume. Sheria ya 1999 ikampa binti haki sawa na kaka yake, kisha usajili wa ardhi ukaandika mke na mume kwenye hati moja. Hakuna bomba la moshi lililojengwa siku hiyo, lakini mama wa Mahoko alipata kitu ambacho benki inaweza kukitazama. Hatua hiyo inazidi mashine yoyote ya msaada.

Kilichobaki kinaonekana jirani tu, Pfunda. Jani la chai lisipofika kiwandani siku ileile linaharibika. Kwa hiyo mkulima wa chai alilazimika kuchuma kwa ratiba, kupima kwa kilo, kuandikwa daftarini na kusubiri malipo yake. Mboga bado ni fungu, makadirio ya macho na gunia la lumbesa. Ni msindikaji gani atapanga kazi ya wiki kwa makadirio ya macho?

Ibimina vya akina mama tayari vinakopeshana kwa uaminifu. Vinunue mizani, vipange madaraja ya karoti, viandikiane mikataba na wanunuzi wa Goma. Congo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Wakaguzi wa vipimo wa pande zote mbili wana kazi ya kufanya, kuhakikisha kilo ya Mahoko inabaki kilo ikifika Birere. Ombi la mashine lipelekwe wilayani baada ya hapo, likiwa na daftari la mwaka mzima mkononi.