Wacheni kuambia wenye magita waruke mwanzo

Wasee, leo nitakosana na nusu yenu, na ni sawa tu.

Kila Bien akitoa ngoma mpya, lazima mtu aandike ati Sauti Sol walipoteza miaka na magita, wangeanza tu na ngoma za klabu. Mwingine anamjibu ati waliuza roho siku waliacha mtindo wa Mwanzo. Mimi nasema nyinyi wote hamjaisikiza hiyo albamu.

Mwanzo ndiyo albamu yao ya kwanza, ya 2008, chini ya Penya Africa. Bien, Chimano na Savara walikuwa wamesoma Upper Hill na kuimba pamoja, halafu Polycarp akaingia na gita. Ni sauti nne na nyuzi, basi. Ukikosea, kila mtu anasikia. Humo ndani kuna "Lazizi", ya mapenzi, na kuna "Blue Uniform", ya vijana wanaosumbuliwa na polisi. Niambie kama hiyo ya pili imezeeka. Tuliokuwa barabarani Juni 2024 tuna jibu.

Sasa angalia walikofika. "Sura Yako" ikavuka mipaka, 2014 wakashinda tuzo ya MTV Ulaya kama wasanii bora wa Afrika, 2020 wakatoa Midnight Train. 2023 wakatangaza wanapumzika kama bendi, na Novemba wakaaga mashabiki Nairobi kwa Sol Fest. Bien ana Alusa Why Are You Topless?, Savara ana Savage Level, Chimano alishatangulia 2022 na Heavy Is the Crown yenye disko ya kizamani, na Polycarp anatengeneza muziki kama Fancy Fingers. Njia nne, na hazifanani.

Mnaita hiyo kupotea? Mtu aliyejifunza kusimama na sauti yake tu anaweza kuenda popote. Biti ikibadilika, yeye habadiliki. Hawakuacha Mwanzo nyuma. Waliubeba.

Kwa nini naumwa na hii story? Naishi Olkaria, na huku kutoboa si msemo tu, ni kazi. Visima vya kwanza vilichimbwa miaka ya 1950 na havikuleta kitu cha maana. Stima ya kwanza ilitoka 1981. Siku hizi kuna visima vinashuka karibu kilomita 3, na mvuke wake unawasha taa za Nairobi. Hakuna mtu hapa anaweza kukuambia ruka kuchimba, enda moja kwa moja kwa stima.

Lakini kwa muziki tunaambiwa hivyo kila siku. Mimi na mabeshte wangu wawili tuna gita moja na ngoma saba zetu wenyewe. Mwezi uliopita mwenye hoteli moja kando ya ziwa alitusikiza dakika mbili, akasema, "Vijana, mko sawa, lakini hamna nyimbo za Sauti Sol?" Tukapiga tatu. Malipo yakawa soda na chips.

Buda, hao Sauti Sol unaowataka waliwahi kuwa sisi. Kuna mtu aliwasikiza wakiwa hawana jina, akiwa hajui kama watafika popote. Wewe unataka mavuno ya shamba ulilokataa kupanda.

Na sisi mashabiki tusijifanye watakatifu. Tunalia bendi imepumzika, halafu bendi ya mtaa ikipiga tunashika simu.

Kwa hivyo Jumamosi ukipita Kamere ukute wasee watatu na gita, simama. Usiitishe "Sura Yako". Itisha yao. Halafu toa kitu mfukoni, hata kama ni mbao.

Haya, nipingeni.