Kabla ya Kuchanga, Kubalianeni Mtaandika Nini Kwenye "Nambari ya Akaunti"

Kwenye chama chetu tuko watu 24 na mifuko mitatu: mzunguko, msiba na shamba. Pesa zote huingia kwa Paybill moja. Mwaka jana mwenzetu alifiwa na mamake. Kanuni yetu ni kwamba ukiwa na deni la miezi miwili kwenye mfuko wa msiba, hupati kitu. Mweka hazina akafungua daftari: dada huyu ana deni. Naye akatoa simu, akatuonyesha meseji. Alikuwa amelipa kila mwezi!

Sasa pesa ilienda wapi? Haikupotea. Mwezi mmoja aliandika jina lake la kwanza tu, na tuna wawili wenye jina hilo, basi ikahesabiwa kwa yule mwingine. Mwezi uliofuata alilipiwa na kijana wake, kwa simu ya kijana, akaandika "mama". Tulikaa saa mbili tukipekua stetimenti huku mwenzetu ana maiti mochari.

Wengi walimlaumu mweka hazina. Mimi nasema kosa lilikuwa letu sote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tulikuwa nalo. Tulichokosa ni kanuni ya majina.

Hebu fikiria. Mwanachama mmoja huchangia mifuko mingi, na mfuko mmoja huchangiwa na wanachama wengi. Ukiandika jina lako tu, hatujui ni mfuko gani. Ukiandika "shamba" tu, hatujui ni nani. Na jina la mwenye simu halisaidii, maana simu moja inaweza kulipia watu watano.

Wanaotengeneza programu za kompyuta wanalijua tatizo hili. Wakiwa na orodha mbili zinazoingiliana hivyo, huweka orodha ya tatu ya kuziunganisha, na jina lake hutokana na zile mbili. Kwenye Rails na Laravel, kanuni ya kawaida ni kupanga majina hayo mawili kwa alfabeti. Si kwamba alfabeti ina maajabu. Ni kwamba hakuna tena wa kubishana kipi kitangulie. Ukitaka jina tofauti unaruhusiwa, lakini lazima ulitaje wazi kwenye mipangilio. Huwezi kulibeba kichwani ukatumaini programu itakisia.

Chama nacho kifanye hivyo. Sisi sasa tunaandika herufi mbili za mfuko, kisha namba ya mwanachama, bila kuacha nafasi. Mwanachama wa saba akilipia shamba, anaandika SH07. Mzunguko ni MZ. Msiba tulitaka MS, tukaona itachanganywa na MZ, kwa hivyo tunaandika FA, yaani faraja. Herufi O tuliikataa kabisa kwa sababu inafanana na sifuri.

Kuna wanaosema namba tupu ni rahisi zaidi, kwa mfano 307, hasa kwa mwenye kabambe. Ni kweli, herufi husumbua kwenye kabambe. Lakini ukikosea tarakimu ya kwanza, 307 inakuwa 207 na pesa inaingia mfuko mwingine kimyakimya. Ukiandika SJ07, mweka hazina anajua hakuna mfuko kama huo, anakupigia simu. Tena namba ikianza na sifuri, Excel huikata sifuri hiyo.

Sikudanganyi, SH08 badala ya SH07 bado itapita. Hapo dawa ni moja: soma tena kabla ya kuweka PIN.

Na kama mnatumia Till badala ya Paybill, kwa kawaida hamtaulizwa nambari ya akaunti hata kidogo. Kwa mifuko mingi, mimi singeitumia.

Mwenzetu alipata msaada wake, lakini akiwa ameshaaibishwa mbele ya watu 23. Jumapili hii mkikutana, chukueni dakika kumi. Gaweni namba, chagueni herufi, bandikeni orodha kwenye grupu ya WhatsApp. Kila mtu ampe nakala yule ambaye humlipia akiwa hana simu.